Mshahara mkononi: jinsi kodi na televisheni zinavyoamua nani acheze wapi Ulaya

Tarehe 1 Februari 2020 Mbwana Samatta alifunga bao lake la kwanza katika Ligi Kuu ya England. Alilifunga Bournemouth, kwenye uwanja unaobeba watu elfu 11 na ushei. Uwanja wa Genk, klabu aliyokuwa ameiaga siku chache tu nyuma, unabeba zaidi ya elfu 20. Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji, na miezi mitatu kabla ya hapo Samatta alikuwa amewafungia bao la kichwa Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Aston Villa aliyohamia ilikuwa inapigania roho yake isishuke daraja.

Tanzania nzima ilishangilia, na mimi nikiwemo. Lakini ukitulia, jambo lenyewe ni la ajabu. Bingwa wa nchi anamuuza straika wake kwa timu inayonusa daraja la pili, na hakuna hata mmoja anayesema mchezaji ameshuka. Wote tunasema amepanda.

Jibu la haraka ni hela. Sawa, ila ni hela ipi? Ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Kuna hela inayoingia klabuni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye televisheni. Halafu kuna hela inayobaki mkononi mwa mchezaji baada ya serikali kuchukua chake. Ya kwanza huamuliwa kwenye mnada wa haki za matangazo. Ya pili huamuliwa bungeni, na wabunge ambao pengine hawajui hata kuotea ni nini. Ligi za Ulaya zinashindana kwa zote mbili, na nguvu zake si sawa.

Kapu la televisheni

Ligi Kuu ya England ilipoanza mwaka 1992, vilabu vilikubaliana jambo moja ambalo wakati ule halikuonekana kubwa: kuuza mechi kwa pamoja na kugawana bila kunyimana sana. Nusu ya hela ya matangazo ya ndani hugawanywa sawa kwa vilabu vyote 20. Robo hufuata nafasi kwenye msimamo, na robo iliyobaki hufuata idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Hela ya nje ya nchi iligawanywa sawasawa kabisa hadi 2019, ndipo wakubwa walipofanikiwa kuongezewa kidogo.

Tazama matokeo yake. Msimu wa 2023/24 Manchester City walichukua ubingwa na takriban pauni milioni 176 kutoka kwenye kapu hilo. Sheffield United walishika mkia wakiwa na pointi 16 msimu mzima, na bado wakaondoka na karibu pauni milioni 110. Sasa geukia Ubelgiji. Mkataba wa televisheni ulioanza 2020 uliipa ligi yote, vilabu vyote kwa pamoja, euro milioni 103 kwa msimu. Timu moja iliyofungwa kila wiki England ilipata zaidi ya nchi nzima iliyowakuza Kevin De Bruyne, Courtois na Lukaku.

Ndiyo maana Genk hawakuwa na ubavu wa kumbakiza Samatta, na haikuhitaji klabu kubwa ya England kumchukua. Yeyote kati ya wale 20 angetosha.

Uhispania ilichagua njia nyingine, nayo ikaigharimu. Hadi 2015 kila klabu ilijiuzia mechi zake yenyewe. Real Madrid na Barcelona kila moja ilikuwa inavuna karibu euro milioni 140 kwa msimu, huku vilabu vidogo vikiambulia chini ya milioni 20. Wakubwa wawili walinenepa na kutawala Ulaya. Waliobaki waligeuka shamba la kuvunia vipaji: winga wa Uhispania aking'ara miezi sita, tayari simu imeshalia kutoka mji wa England ambao mama yake hajawahi kuusikia. Serikali ndiyo iliyolazimisha uuzaji wa pamoja, kwa amri ya Aprili 2015. Pengo na England lilikuwa limeshafunguka.

Ufaransa ilicheza kamari. Mwaka 2018 iliuza sehemu kubwa ya mechi zake kwa kampuni ya Mediapro kwa zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka, kuanzia 2020. Mkataba huo haukumaliza hata mwaka. Desemba 2020 ulikuwa umekufa, na vilabu vilivyokwishapanga mishahara kwa kutegemea hela hiyo vikabaki vinauza wachezaji kwa bei ya kutupa. Kampuni nyingine ya matangazo, DAZN, ilikuja baadaye kwa dau dogo zaidi, nayo ikaondoka 2025. Tangu Agosti mwaka huo ligi inajiuzia mechi zake kwenye chaneli yake, Ligue 1+.

Hapo kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Katika mzunguko wa 2022 hadi 2025, kwa mara ya kwanza Ligi Kuu ya England iliuza haki zake nje kwa hela nyingi kuliko ndani. Anayelipia kifurushi cha king'amuzi Mombasa, Bujumbura au Muscat yumo ndani ya kapu hilo. Senti zake ni chache, lakini wenzake ni mamilioni.

Hesabu ya mshahara ghafi

Tuje kwenye kodi. Ukiajiriwa ofisini Dar au Nairobi unatajiwa mshahara ghafi, kisha mwisho wa mwezi unatazama makato kwa uchungu. Makato ni shida yako. Uhispania na Italia, mchezaji mkubwa hafanyi hivyo. Wakala wake anakaa mezani na kutaja kiasi ambacho mteja wake anataka kukiona mkononi. Kodi ni shida ya klabu.

Desturi hiyo ndogo inabadilisha kila kitu. Chukua mchezaji anayetaka euro milioni 5 mkononi kwa mwaka, na tuchukulie kiwango cha juu cha kodi kinatozwa kwenye mshahara wote ili hesabu iwe nyepesi. Mahali ambapo kodi ni asilimia 50, klabu itatoa milioni 10. Kodi ikiwa asilimia 43, itatoa karibu milioni 8.8. Ikiwa asilimia 24, itatoa milioni 6.6 tu. Mchezaji ni yuleyule, na anachopata ni kilekile. Kati ya klabu ya kwanza na ya tatu kuna milioni 3.4 kila mwaka, na kwa mkataba wa miaka mitano hiyo ni bei ya beki mwingine mzuri.

Asilimia 24 sikuitoa hewani. Ni kiwango kilichotokana na sheria ambayo Uhispania iliiweka mwaka 2005 kwa wataalamu wa kigeni, kwa mwaka wa kuwasili na mitano inayofuata. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya mpira. Ililenga mameneja, wahandisi na watafiti. Lakini David Beckham alikuwa Real Madrid tangu 2003, akawa miongoni mwa wa kwanza kufaidika, na hadi leo watu wanaiita Sheria ya Beckham.

Kiangazi cha 2009 ndicho kilichoonyesha makali yake. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza mwezi Aprili kwamba wenye kipato kikubwa watatozwa asilimia 50 kuanzia 2010. Italia ilikuwa kwenye 43. Katika dirisha hilohilo la usajili Real Madrid waliwachukua Cristiano Ronaldo kutoka Manchester United, kwa pauni milioni 80, na Kaká kutoka Milan. Siwezi kusema walifuata kodi. Ronaldo aliitaka Madrid tangu zamani, na kila mtu alijua. Ninachosema ni kwamba kwa kila euro aliyotaka mkononi, Madrid ilitoa pungufu kuliko ambavyo Manchester ingelazimika kutoa kuanzia mwaka uliofuata. Januari 2010 Uhispania ilifunga mlango kwa wanaopata zaidi ya euro 600,000 kwa mwaka, ila waliosaini kabla ya hapo wakaendelea kula matunda. Mwaka 2015 wanamichezo wakaondolewa kabisa.

Je, hayo ni maneno ya mawakala tu? Wachumi watatu, Henrik Kleven, Camille Landais na Emmanuel Saez, walifuatilia wachezaji wa nchi 14 za Ulaya tangu 1985 na kuchapisha walichokiona mwaka 2013. Kwa wachezaji wa kigeni, sehemu ya mshahara inayobaki baada ya kodi ikipanda kwa asilimia 10, idadi yao katika nchi hiyo hupanda kwa karibu kiasi hichohicho. Kwa wazawa mabadiliko ni madogo mno, kama asilimia moja na nusu. Mchezaji wa nyumbani ana mama, ana lugha, ana mtaa wake, na hafukuzwi na kodi kirahisi. Mgeni ameshaondoka kwao tayari, hivyo kwake London au Milano ni hesabu tu.

Utafiti huo ulibaini jambo jingine ambalo nadhani ni zito zaidi. Nafasi kikosini ni 11. Kodi nafuu ikimleta nyota wa kigeni, kuna mtu anapaswa kumpisha, na anayepisha huwa ni mchezaji wa kiwango cha chini. Na haya yote yaliwezekana kwa sababu ya hukumu ya Bosman. Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ilimpa haki mchezaji wa Ubelgiji aliyezuiwa kuhama baada ya mkataba wake kwisha, na papo hapo ikavunja ukomo wa wachezaji wa kigeni kwa raia wa Umoja wa Ulaya. Kabla ya hapo nchi ingeweza kufuta kodi yote na bado kikosi kingejaa wageni watatu tu. Kodi ilipata meno siku mipaka ilipofunguka.

Italia iliponogewa

Italia inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndiyo iliyojaribu dawa hii kwa dozi kubwa na kisha kuiacha.

Miaka ya 1990 Serie A ndiyo ilikuwa ligi ya dunia. Kisha viwanja vikazeeka, mapato yakadumaa, na kuanzia msimu wa 2012/13 Italia ilipungukiwa nafasi moja ya Ligi ya Mabingwa ikachukuliwa na Ujerumani. Mwaka 2019 ikaja Amri ya Ukuaji. Mtu aliyeishi nje angalau miaka miwili, akija kufanya kazi Italia na kukubali kukaa miwili, angesamehewa kodi kwenye sehemu ya mshahara wake. Kwa wanamichezo ilikuwa nusu.

Rudi kwenye hesabu yetu. Asilimia 43 inayotozwa kwenye nusu tu ya mshahara ni sawa na asilimia 21.5. Mchezaji wa milioni 5 mkononi anashuka kutoka gharama ya milioni 8.8 hadi takriban 6.4. Bila uwanja mpya na bila mkataba mpya wa televisheni, Milan na Inter walijikuta wanaweza kuzungumza na watu ambao mwaka uliotangulia wasingepokea simu zao.

Uwanjani yalionekana. Mwaka 2023 Italia iliingiza timu katika fainali zote tatu za Ulaya: Inter, Roma na Fiorentina. Zote zilifungwa, na mbili kati yake zilifungwa na timu za England, ya pili ikiwa West Ham, ambayo kwao haina hadhi ya klabu kubwa. Sidhani kama kuna picha inayoeleza vizuri zaidi tofauti ya silaha hizi mbili. Kodi iliifikisha Italia mlangoni. Aliyekuwa ndani alikuwa na kapu la televisheni.

Lakini angalia kijana wa Bergamo aliyekulia kwao. Yeye hakuishi nje, hivyo hasamehewi kitu. Ili apate milioni 5 mkononi klabu italazimika kutoa 8.8, wakati mgeni wa kiwango chake anapatikana kwa 6.4. Mkurugenzi wa usajili mwenye akili timamu atamchukua nani? Chama cha wachezaji cha Italia kiliilalamikia sheria kwa sababu hiyo hiyo. Mwisho wa 2023 serikali haikuirefusha kwa wanamichezo, licha ya vilabu kulia sana. Waliosaini kabla waliachwa waendelee.

Tangu hapo soko la Italia limebadilika sura. Napoli walichukua ubingwa wa 2025 wakiongozwa na Scott McTominay, ambaye Manchester United walikuwa radhi kumwachia, kisha wakamwongeza De Bruyne aliyemaliza mkataba City. Milan wakamchukua Modrić akiwa anakaribia miaka 40. Wote ni wazuri. Ni wachezaji ambao wenye hela nyingi zaidi walikuwa wameshamalizana nao.

Mlango wa jirani

Ufaransa ina kisa chake, na ni cha kuchekesha kama wewe si shabiki wa klabu ya Ufaransa. Mwaka 2013 na 2014 serikali ya Rais Hollande iliwatoza waajiri kodi iliyojulikana kama ya asilimia 75 kwenye sehemu ya mshahara inayozidi euro milioni moja. Vilabu vilitangaza mgomo, kisha vikaurudisha nyuma. Wakati huohuo, katika ligi hiyohiyo, kulikuwa na Monaco. Ni nchi ndogo yenye mtemi wake, na mkazi wake hatozwi kodi ya mapato. Kiangazi cha 2013 Monaco walimnunua Mkolombia Falcao kwa takriban euro milioni 60 na mwenzake James Rodríguez kwa 45, na mishahara yao haikukatwa kodi hiyo.

Tena si kila mtu. Makubaliano ya 1963 kati ya Ufaransa na Monaco yanamtaka raia wa Ufaransa anayeishi huko alipe kodi Ufaransa. Kwa hiyo ndani ya chumba kimoja cha kubadilishia nguo, Mkolombia na Mfaransa wenye mshahara ghafi sawa walikuwa wanabeba nyumbani vitu tofauti kabisa. Ligi ilitaka Monaco ihamishie makao Ufaransa. Mwaka 2014 wakamalizana kwa Monaco kulipa euro milioni 50, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya mambo ya utawala ya Ufaransa ikayafuta makubaliano hayo.

Wengine walitumia kodi kama mtego wa wazi. Urusi ilikuwa na asilimia 13 tu Samuel Eto'o alipokwenda Anzhi Makhachkala mwaka 2011. Uturuki kwa miaka mingi iliwatoza wachezaji wa ligi kuu asilimia 15. Drogba na Sneijder wote walitua Galatasaray Januari 2013. Hata ndani ya nchi moja tofauti ipo: kiwango cha juu Katalonia ni karibu asilimia 50, Madrid karibu 45, na watu wa Barcelona wanaikumbuka hesabu hiyo kila dirisha la usajili.

Wachezaji nao hawakukaa mikono mitupu. Haki za picha, yaani hela ya matangazo ya viatu na manukato, zilipitishwa kwenye kampuni za nchi za mbali. Messi alihukumiwa mwaka 2016 kwa euro milioni 4.1 zilizokwepwa kupitia njia hiyo, na Ronaldo akakubali faini ya karibu milioni 19 mwaka 2019. Wote wawili walipewa vifungo ambavyo hawakuvitumikia.

Sasa kuna kanuni zinazozidisha uzito wa kodi, na hili halizungumzwi vya kutosha. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, imeviwekea vilabu vilivyomo kwenye mashindano yake ukomo: tangu 2025/26 mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato. Kinachohesabiwa ni gharama yote ya klabu, kodi ikiwa ndani yake. Mchezaji yuleyule wa milioni 5 anakula nafasi ya milioni 10 kwenye ukomo wa klabu moja na 6.4 kwenye ya nyingine. Nafuu ya kodi inakuwa imesaidia mara mbili. La Liga, ligi kuu ya Uhispania, wana ukomo wao wa mishahara, mkali zaidi, na ndio uliosababisha Barcelona washindwe kumsajili upya Messi Agosti 2021 ingawa pande zote mbili zilitaka abaki.

Mbona basi England, yenye kiwango cha asilimia 45 na isiyo na punguzo la kodi kwa mshahara wa mwanasoka, ndiyo inayomeza kila mtu? Kiangazi cha 2025 vilabu vyake vilitumia zaidi ya pauni bilioni 3 kwenye usajili. Kwa maoni yangu, kodi huamua ushindani kati ya wanaolingana kifua: Madrid dhidi ya Milan mwaka 2009, Italia dhidi ya Ujerumani baada ya 2019, Istanbul dhidi ya Marseille. Ikikutana na mtu mwenye kapu mara tatu ya lako, haifui dafu. Ubelgiji yenyewe inaviruhusu vilabu vyake kubaki na sehemu kubwa ya kodi vinayokata kwenye mishahara, kwa sharti sehemu yake itumike kwa vijana. Vijana wanakuzwa kweli. Kisha wanauzwa England.

Samatta mwenyewe ameipita ramani hii karibu yote. Kutoka Villa alikwenda Fenerbahçe Septemba 2020, wakati Uturuki imeshapandisha ile asilimia 15. Akarudi Ubelgiji kwa mkopo, akaenda Ugiriki na PAOK, na mwaka 2025 akatua Le Havre, kwenye ligi inayojiuzia mechi zake yenyewe. Alikulia Mbagala. Jumamosi jioni ukiingia kibanda umiza cha huko wakati Le Havre wako uwanjani, lipa kiingilio chako, tafuta benchi, kisha tazama kwenye skrini. Kuna uwezekano mkubwa wamefungulia Bournemouth.